Mgomba Tuliouzika

Alhamisi, 5 Machi

Siku ya pili ya kufagia. Afande anaiita kusafisha kisiwa. Sisi tunaita kufagia kwa sababu tunatembea kwa mstari mmoja, kama wanawake wanaofagia uwanja wa kanisa Jumamosi. Mgambo thelathini na kitu, askari wachache wenye bunduki za maana, kila mtu umbali wa mkono mmoja na mwenzake. Fimbo mbele, panga kiunoni. Hatua moja, choma mafunjo, sikiliza, hatua nyingine. Maji ya magoti. Pengine ya kiuno.

Vita vyenyewe viliisha Jumanne. Wezi wa ng'ombe waliokikalia kisiwa hiki tangu baada ya Krismasi wamevunjika. Mkubwa wao ameshikwa, silaha nzito zimeshikwa, ng'ombe wamevushwa nchi kavu, na wenzetu wawili tumewazika. Waliobaki humu ni wachache, wana njaa, wanajificha. Huko nje watu wanadhani kazi imekwisha. Waje wafagie wao.

Kisiwa si cha kujivunia. Mgongo mrefu wa udongo katikati ya kinamasi cha Mto Mara, mafunjo pande zote, mbu wa bure. Upande huu Tarime, upande ule Serengeti, na kule nako kuna mstari wa mgambo kama wetu.

Ruba wawili mguu wa kushoto. Makuru amewatoa kwa chumvi. Huyu Makuru ni mgambo wa Morotonga aliyekuja kwetu kuongeza nguvu, ndiye jirani yangu kwenye mstari, na anaongea tangu alfajiri mpaka ugali wa jioni uive. Leo mada ilikuwa mama mkwe wake. Nimemjua mama huyo kuliko wangu.

Afande ni mtu wa Iringa, mpole, hana usingizi. Ameshajifunza neno moja la Kikurya, mura, yaani kijana wa kiume, na anamwita hivyo kila mtu, hata akina mama wanaotuletea maziwa. Hakuna aliyemwambia.

Mimi ndiye mwandishi wa kikosi, kisa niliwahi kujitolea kufundisha shule ya msingi. Daftari la ripoti ni la afande. Hili ni langu, linakaa ndani ya mfuko wa unga.

Tulichopata leo: kandambili moja, sufuria, mavi ya ng'ombe mabichi. Basi kuna ng'ombe alibaki, na kuna mtu alibaki naye.

Ijumaa, 6 Machi



Saa nne hivi tumekuta kambi yao ndogo. Kibanda cha mafunjo, majivu bado ya vuguvugu. Wenzangu wamekimbilia kibandani. Mimi nimebaki naangalia mafiga. Matatu, kama ya kila mtu. Halafu la nne. Dogo, bapa, upande wa kulia.

Jiwe la kulazia mwiko.

Sijawahi kuliona kwa mtu mwingine isipokuwa kwa mama yangu, kijijini Kerende. Yeye haruhusu mwiko ulazwe chini. Anasema chini ni kwa waliokufa, wao wana chakula chao. Tulipokuwa wadogo ukisahau unapigwa na huohuo mwiko.

Nimelipiga teke, likaingia majini. Hata sasa sijui kwa nini. Makuru ameona. Hakuuliza, na Makuru asipouliza ujue jambo ni kubwa.

Nina mdogo wangu wa kiume mmoja tu, Marwa. Mwaka juzi duara, yaani shimo la dhahabu, lilititia huko machimboni, wachimbaji wakafukiwa, wengine hawakutolewa mpaka leo. Marwa alikuwa akichimba duara hilo. Tulingoja miezi mitatu. Kisha tukazika mgomba mahali pa mwili, kama inavyofanywa mtu asipopatikana. Tukalia, tukanyoa vichwa, wageni wakala, wakaenda. Ni mimi niliyesukuma tuzike. Mama alitaka kungoja.

Mtu mwingine anaweza kuwa na tabia ya jiwe la nne. Inawezekana. Nimejiambia hivyo kutwa nzima na sijajiamini.

Kwenye ripoti nimeandika: kambi moja, imehamwa.

Jumamosi, 7 Machi

Tumeshika mmoja. Hakukimbia. Amekutwa amekaa juu ya kichuguu anatetemeka kwa homa, mtu wa makamo, mbavu zote nje. Makuru amembeba mgongoni mpaka kambini kama anabeba shangazi yake.

Afande amempa uji kwanza, maswali baadaye. Mimi naandika. Amesema wamebaki wanne. Watatu wana silaha lakini risasi zimekwisha, isipokuwa za mmoja, hizo hana hakika nazo. Wa nne hana kitu. Ni mchungaji tu, aliajiriwa kuchunga ng'ombe walioibwa, ana jike moja na ndama wake ambao amekataa kuwaacha.

"Anaitwa nani?"

"Sisi tunamwita Marehemu. Anasema kwao walishamzika."

Watu wamecheka. Afande naye. Kalamu yangu imesimama, nikaambiwa niandike.

Akaendelea. Huyo Marehemu alitoka machimboni siku moja kabla ya duara kuanguka. Akaenda Sirari kubeba mizigo. Siku anakata shauri kurudi nyumbani, akakutana na mtu wa kwao aliyemkimbia huku akipiga yowe. Ndipo akajua amezikwa. Hakurudi tena.

Afande hakuelewa kwa nini mtu mzima aogope kurudi kwao. Imebidi tumweleze. Mtu aliyeliliwa, vichwa vikanyolewa, hapiti tena kwenye lango la boma la baba yake. Akipita, mauti yanaingia naye, na hayaondoki mikono mitupu. Yanamchukua aliye karibu naye.

"Na aliye karibu naye ni nani?" afande ameuliza.

"Anasema ana mama," mgonjwa akajibu.

Nimeandika kwenye ripoti: mchungaji mmoja, jina halijulikani. Huo ni uongo wangu wa kwanza kwenye daftari la afande.

Yuko hai. Marwa yuko hai. Nimekwenda nyuma ya mahema nikajifanya nakojoa, nikalia mpaka kamasi.

Jumapili, 8 Machi

Nitaandika mengi leo. Ni lazima.

Asubuhi afande ametupanga. Mvua imeanza kule juu, mto unajaa, siku mbili tatu hizi kisiwa kitakuwa chini ya maji. Kwa hiyo Jumanne ndiyo mwisho. Mistari yote miwili, wetu na wa Serengeti, inaingia pamoja na kukutana katikati. Atakayekuwa bado amejificha saa sita mchana atahesabiwa kuwa ana silaha. Hakuna atakayeulizwa jina.

Simlaumu. Wale wawili tuliowazika, mmoja alikuwa akilala hema moja naye.

Lakini Marwa hatatoka. Namjua. Akiamini kwamba kurudi kwake kutamuua mama, atakaa kwenye matope mpaka maji yampite kichwa. Ni mbishi. Tumezaliwa tumbo moja, najua ninachosema.

Nimemwambia Makuru yote. Amenisikiliza bila kunikatiza, akasema maneno matatu tu: mficha uchi hazai. Nikachukua daftari la ripoti, nikaenda kwa afande, nikamwonyesha nilipodanganya. Na jiwe nikamwambia, na mgomba tuliouzika.

Ameusoma ukurasa ule mara mbili. Nilidhani atanivua sare. Kisha akasema nina mpaka Jumanne saa sita, na mstari wake hautasimama kwa ajili ya mgomba. Nikasema sawa afande. Akaongeza kwamba kama ningesema Ijumaa, ningekuwa na siku mbili zaidi. Hilo limeniuma kuliko kuvuliwa sare.

Nimekodi pikipiki mpaka Kerende.

Njia nzima nawaza yale niliyomwambia Marwa mara ya mwisho. Alitaka kuoa. Kwetu kila mvulana ana dada yake, ng'ombe wa mahari ya dada ndio wa kuolea. Wa kwake niliwatumia mimi, nikaoa mke wa pili. Nilikuwa mkubwa, hakuna aliyenizuia. Alipodai nikamwambia si uende ukachimbe dhahabu, na ukifukiwa huko tutakuzika. Maneno hayohayo. Mdomo ukaniponza. Na baadaye nikamzika kweli, haraka, ili nisiendelee kumngoja. Watu walisifu msiba ulivyopangwa vizuri.

Na kuna jambo la mgomba ambalo sijawahi kuliandika. Wazee walisema ukate shina. Mimi nilikuwa na hasira na uchovu, nikang'oa mzima na tunguu lake lenye mizizi, nikausukumia kaburini. Kaburi lenyewe la magotini, nani atachimba futi sita kwa ajili ya mgomba. Mvua zilipokuja, kaburi la ndugu yangu likachipua.

Nilikata kwa panga kabla majirani hawajaona. Likachipua. Nikakata tena. Mara ya tatu nikamkuta mama amesimama mbele yake na jembe mkononi. Siku iliyofuata alikuwa ameuzungushia miba mbuzi wasile. Nilimwona kama mtu aliyeanza kupoteza akili kwa uzee, na nilimwambia mke wangu hivyo.

Leo nimemkuta anamenya mihogo. Nikamwamkia, shikamoo mama. Nikamwambia kwa mkato, maana sikujua njia nyingine: Marwa yuko hai, yuko kisiwani, anaogopa kurudi asije akakuua.

Aliendelea kumenya mpaka mhogo ukaisha. Kisha akasema, "Mimi nilijua. Ule mgomba ulikataa."

Nilipiga magoti. Nilimwomba msamaha kwa panga, kwa haraka, kwa kila kitu. Akanisukuma kichwa, akasema nisimlilie, kuna kazi.

Kazi ya kwanza: tundu kwenye ua. Mtu aliyezikwa hapiti langoni, lakini lango si njia pekee. Amenionyesha mahali, nyuma ya nyumba yake, upande wa kaburi, nami nimekata minyaa mpaka tundu la mtu kupita kwa kutambaa. Utomvu umeniingia jicho la kulia. Limevimba kama nimepigwa. Mama amelikamulia maziwa ya mbuzi na kusema nimestahili.

Kazi ya pili imenishangaza. Mgomba wa kaburini una mkungu, mwaka huu ndio wa kwanza. Ameukata, ndizi bado mbichi, ngumu. Kesho anakuja nazo kisiwani. Nimemwambia pale ni mahali pa vita. Akaniuliza kama vita hawali.

Jumatatu, 9 Machi

Mama amefika saa tatu kwa pikipiki, amekaa upande, sufuria kichwani, mkungu umefungwa nyuma, mwiko ameushika mkononi njia nzima. Dereva ndiye aliyekuwa amechoka.

Afande amemwamkia vizuri, shikamoo mama. Halafu, kwa heshima, akampa kipaza sauti cha betri. Mama alikigeuza huku na huku akamrudishia. Alisema mtoto haitwi kwa debe.

Akaomba mawe. Nimemletea matatu. Alinitazama tu, nikarudi kuleta la nne.

Amepika ndizi ukingoni kabisa mwa maji, pale upepo unapoingilia kisiwani. Ndizi na maziwa na chumvi ya kutosha. Kila sufuria ikiiva anaifunua, anapepea mvuke kwa kanga kuelekea kwenye mafunjo. Nimeona mgambo wazima wanameza mate. Na kati ya sufuria na sufuria anaita. Haiti Marwa. Anaita lile jina la utotoni, Kebwe, ambalo sijalisikia kwa miaka ishirini. Sauti yake si kubwa. Anaita kama vile mtu yuko chumba cha pili.

Saa nane mafunjo yametikisika. Wametoka wawili, mikono juu, mmoja analia. Si yeye, hata mmoja wao. Mama amewapakulia kabla ya pingu. Afande ameangalia pembeni. Mmoja alikula akauliza kama zimebaki, Makuru akamwambia afadhali ashukuru.

Wamesema Marehemu anasikia. Tangu asubuhi anasikia. Amekaa na ndama wake ameziba masikio.

Jioni hajatoka. Maji yamepanda mpaka kwenye ufito wa pili kati ya zile tulizochomeka kuyapimia. Mama amekataa kurudi nyumbani, akina mama wa maziwa wamemchukua kwao. Alipokuwa anaondoka ameniuliza kesho mstari unaingia saa ngapi. Nimemwambia. Akafunga ndizi tatu zilizopikwa kwenye jani, akanipa. Akasema Marwa akila ndizi za kaburi lake, kaburi limekwisha, hakuna marehemu tena.

Sijui kama mila inasema hivyo. Nadhani ameitunga. Sijathubutu kumuuliza.

Nina hasira na Marwa. Nina hasira naye kama zamani, na ni raha kuwa na hasira na mtu aliye hai.

Jumanne, 10 Machi

Tumeingia saa mbili. Maji ya kifua mahali ambapo Alhamisi yalikuwa ya magoti. Jicho la kulia bado halifunguki vizuri. Makuru ameomba tubadilishane nafasi, mimi niende kushoto kwenye mafunjo marefu ambako hatujawahi kupita. Aliomba mbele ya afande kwa sauti kubwa, eti upande ule unamletea mafua.

Saa tatu na nusu kelele upande wa Serengeti. Wamemshika yule wa bunduki aliyebaki. Risasi alikuwa hana. Amebaki mmoja, na saa sita inakuja.

Saa nne na kitu mlio wa bunduki. Mmoja tu, mbele yangu, karibu. Mtu wa mstari wa pili aliona mafunjo yakitikisika akapiga. Jani limenitoka mkononi. Nimesimama majini naona ndizi zinaelea kwenye jani na siwezi kunyoosha mkono kuzishika. Nilikuwa nimeshamzika mara moja nikadhani najua ladha yake. Sikuwa najua.

Kisha Makuru akapiga kelele kuwa ni ng'ombe. Jike limeanguka. Ni ng'ombe tu.

Nikaokota ndizi zangu, nikaenda upande ule ng'ombe alikotoka, kwa sababu ng'ombe hakai mbali na mchungaji wake. Nimetenganisha mafunjo.

Alikuwa amesimama ndani ya maji ya kifua, ndama mabegani, amemshika miguu yote minne. Ndevu. Mashavu yameingia. Jino la mbele lililovunjika nilipomsukuma kisimani akiwa na miaka tisa.

"Kaka, rudi," akasema. "Mimi nilishazikwa."

"Najua. Ni mimi niliyekuzika."

"Basi niache."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Ng'ombe wa dada, duara, msamaha. Hayakuja hata moja. Nikafungua jani. Nikamwambia mgomba ulichipua. Nikamwambia nilikosea kuuzika, niliuzika na tunguu lake, nikaukata mara mbili na ukakataa, na sasa umezaa, na mama amepika, hizi hapa. Nikamwambia nimetoboa ua nyuma ya nyumba, hutapita langoni, hutamuua mtu.

Aliuliza kama mama amelaza mwiko chini.

Nikasema hapana. Juu ya jiwe.

Mikono yake haikuwa na nafasi. Nimemlisha mimi. Ya kwanza alitafuna huku akilia, ya pili akaimeza karibu nzima, ya tatu akaniambia nile nami. Tumekula nusu kwa nusu. Ilikuwa baridi, imeingia maji ya kinamasi. Nimepaza sauti kwenye mstari kwamba tunatoka, wawili na ndama mmoja, asipige mtu. Makuru akalirudia, na wa pembeni yake akalirudia, mpaka sauti ikafika nchi kavu.

Ukingoni mama alikuwa amesimama. Hakumkimbilia. Alimwonyesha kwa kidole asikanyage nchi kavu bado. Akasema mtu huyu hajazaliwa, atazaliwaje mbele za wanaume.

Akina mama wa maziwa wakaelewa mara moja wakatandaza kanga zao. Sisi tukabaki tumeduwaa na mapanga yetu. Ni afande aliyeelewa, yule wa Iringa. Akatoa amri kwa sauti ya gwaride: kikosi, nyuma geuka. Na kikosi kizima, mgambo na askari, tumelowa mpaka mashavuni, tukageuka tukaangalia kisiwa. Ndama nimebaki naye mimi.

Sikuona. Nilisikia. Nilisikia mama akigumia kama mwanamke mwenye uchungu, na hakuwa anaigiza, au kama aliigiza basi aliigiza vizuri sana. Wenzake wanamwambia vumilia. Nilisikia mtu anatambaa kwenye matope, chini ya kanga, kati ya miguu ya mama yake. Kisha vigelegele. Vinne, vya mtoto wa kiume. Makuru pembeni yangu alikuwa analia bila aibu, akasema ni moshi. Moto ulikuwa umezimika tangu asubuhi.

Tulipoambiwa tugeuke, mama alikuwa anampangusa uso kwa mate na ncha ya kanga, mtu mzima mwenye ndevu. Afande alingoja mpaka akamaliza masikio yote mawili.

Kisha pingu. Kazi ni kazi.

Jumatano, 11 Machi

Kuvunja kambi. Maji yamekifunika kisiwa chote isipokuwa kile kichuguu.

Ripoti ya mwisho afande amenisomea mwenyewe niandike. Mchungaji mmoja, hana silaha, alijitokeza kwa hiari, mikono juu. Nikamwambia afande, mikono ilikuwa na ndama. Akasema andika juu, ndama alikuwa juu.

Pa jina nimeandika jina lake lote na la baba yetu. Nimeliandika polepole.

Kabla hatujaagana Makuru amemwambia afande maana ya mura. Afande amewaendea akina mama wa maziwa mmoja mmoja kuwaomba radhi. Wamecheka mpaka wakakaa chini.

Jumamosi, 14 Machi

Nimetoka Tarime mjini. Marwa yuko mahabusu bado. Wanasema huenda akawa shahidi, huenda akashtakiwa pamoja na wengine, sijui, hakuna anayejua. Amenyolewa ndevu, ametoka uso wa kitoto. Nimempelekea ndizi zilizobaki, zimeiva sasa, amegawia chumba kizima.

Nimemuuliza jambo moja lililokuwa likinisumbua. Kule kisiwani alikuwa na mwiko? Amesema hapana. Alikuwa anasonga ugali kwa kijiti na kukitupa. Jiwe aliliweka tu. Kila walipohama aliliweka tena.

Ng'ombe wake nimemwambia. Majike mawili ya kwanza yatatoka zizini kwangu, na mke wangu wa pili ndiye aliyesema, si mimi. Marwa alinigusa jicho, akauliza limefanya nini. Nikasema minyaa.

Nyumbani nimekuta mama ameng'oa chipukizi pembeni ya kaburi, amelihamishia nyuma ya jiko, penye majivu na maji ya kuoshea vyombo. Kaburi amelisawazisha kwa jembe. Hapajulikani tena.

Tundu kwenye ua bado liko wazi. Kuku wanatoka, mbwa wa jirani anaingia, na wiki hii fisi wamesikika upande wa mto. Nimeleta miti ya kuziba mpaka siku atakapoachiliwa. Mama amekataa. Anasema tundu la kuzaliwa halizibwi mtoto akiwa njiani. Nimemwambia na fisi je. Akasema fisi wanahitaji mlinzi, si miti.

Kwa hiyo nimekaa hapa kwenye kigoda, jua linashuka, rungu magotini, daftari juu ya rungu. Mama ameniletea uji, akaniambia nisisinzie. Nimemjibu ndiyo, afande.